Kujivua na Kuvuliwa

Kitenzi 'vua' kina mambo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hufundishwa kwamba hicho ni kinyume cha 'vaa', na kwamba jozi hii ni mfano mwepesi wa kauli ya kutendua: aliyevaa shati hulivua, aliyevaa viatu huvivua. Hadi hapo hapana utata. Lakini tunaposema kwamba nyoka amejivua gamba, mfano wetu unaanza kuyumba, kwa maana nyoka hakulivaa gamba hilo siku yoyote. Hakulinunua wala hakushonewa. Lilimwota mwilini. Aidha, kiambishi kirejeshi '-ji-' tulichokipachika hapo kinadai kwamba nyoka ndiye mtenda na ndiye mtendwa, kwamba hana msaidizi wala mshurutishaji. Nimekitafakari kiambishi hicho kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili, msomaji, na sababu yake ni nyoka mmoja mwekundu aliyeishi chumba cha pili kutoka changu mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kati ya Agosti 2023 na Mei 2024.

Nilikuwa nimekwenda huko chini ya mpango wa Fulbright, ule unaowapeleka vijana wa mataifa mbalimbali kusaidia kufundisha lugha zao katika vyuo vikuu vya Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha Kiswahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, na jioni, baada ya kusahihisha ngeli zilizovurugika, kuikokota tasnifu niliyokuwa nimeianza hapa nyumbani. Tasnifu yenyewe inahusu sitiari za mwili katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, na sura yake ya tatu inaishughulikia Gamba la Nyoka, riwaya ya mwaka wa 1979. Wajuzi wa fasihi watakumbuka kwamba Kezilahabi mwenyewe alisomea Madison, akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1985. Riwaya ilikuwa imekwisha kuchapishwa kabla ya hapo, kwa hivyo baridi ya Wisconsin haikuwa na mchango wowote katika anwani yake. Hata hivyo, ilikuwa faraja kujua kwamba mzaliwa wa Ukerewe aliwahi kupita kando ya maziwa yale yale yaliyoganda, naye akiwa amelelewa na ziwa lisiloganda kamwe.

Nyumba tuliyoipanga ilikuwa na watu wanne. Mwenzetu mmoja, msichana wa jimbo la Georgia aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika ikolojia, alimfuga nyoka katika sanduku la kioo lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Huko kwao nyoka huyo huitwa nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, na Linnaeus alikwisha kumpa jina la kisayansi tangu mwaka wa 1766. Kuhusu jina la mahindi, maelezo ni mawili: wapo wasemao kwamba alizoea kuonekana katika maghala ya mahindi akiwawinda panya, na wapo wasemao kwamba tumbo lake lenye madoa meusi na meupe linafanana na magunzi ya yale mahindi ya rangi rangi ya Wamarekani asilia. Hana sumu. Mawindo yake huyakaba kwa kuyazungushia mwili. Wa kufugwa hulishwa panya waliokufa, waliogandishwa katika friji kisha wakarejeshwa joto, jambo ambalo lilinifanya nijinunulie friji yangu ndogo mwezi wa kwanza tu wa ugeni wangu.

Siku nilipomweleza mwenzangu huyo kwamba mahindi yakipasuka motoni sisi huyaita bisi, alifurahi mno. Tangu siku hiyo nyoka akaitwa Bisi, na hakuna aliyelikumbuka tena jina lake la awali.

Sikuwa rafiki wa Bisi. Mimi ni mtu wa Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, na huko kwetu nyoka hafugwi. Tuliozaliwa huko twamjua moma anayelala njiani kama gogo, na mamba aliye mwepesi mno. Mtu akiumwa mbali na hospitali, safari ya kutafuta dawa ndiyo huamua kama ataishi. Ni kweli kwamba Watamu, si mbali sana nasi, lipo shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka wa 1980, ambalo limewaelimisha watu wengi wa pwani juu ya nyoka na namna ya kumhudumia aliyeumwa. Tulipelekwa huko na shule nikiwa darasa la sita. Niliyaona yote nikiwa nyuma ya migongo ya wenzangu.

Kilichoniingia zaidi utotoni hakikuwa nyoka mwenyewe bali gamba lake. Nyanya yangu alikuwa akilikuta gamba limening'inia katika makuti ya paa, hupaza sauti mara moja tu, na watoto wote tukatoka nje. Hatukurudi ndani mpaka wajomba wameipekua nyumba kwa fimbo na mwenge. Kwa hivyo katika msamiati wangu wa kwanza neno 'gamba' halikuwa na maana ya kitu kilichoachwa. Lilimaanisha kwamba mwenyewe yuko karibu. Nililifahamu hivyo miaka mingi kabla sijakutana na wahakiki walionifunza kuwa gamba ni ishara ya upya.

Na sasa niseme kidogo juu ya tendo lenyewe, kwa kuwa sisi wa fasihi tuna desturi ya kuyatumia mambo ya asili bila kuyatazama.

Ngozi ya nyoka ina matabaka. La nje limeundwa kwa dutu ile ile ya jamii ya kucha na nywele zetu, nalo ni kitu kilichokufa. Haliwezi kutanuka kadiri mwili unavyokua, na hata mwili usipokua, huchakaa kwa kusugua ardhi. Siku zinapowadia, chini ya tabaka hilo kongwe mwili huanza kuunda jingine jipya, kamili, lenye kila kigamba mahali pake. Ikumbukwe kwamba wakati huo nyoka amebeba ngozi mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Likishakamilika la chini, majimaji hupenya katikati yake na vimeng'enya huyeyusha kilichokuwa kikiyashikanisha. Hapo ndipo rangi za nyoka hufifia kama nguo iliyopitiwa na vumbi, na macho yake yakawa na ukungu wa buluu na maziwa.

Jambo la macho lilinishangaza kuliko yote. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja chenye uangavu, mithili ya kioo cha saa, na kigamba hicho nacho ni sehemu ya ngozi, kwa hivyo hubadilishwa pamoja na ngozi yote. Katika siku hizo za ukungu nyoka haoni vyema. Hujificha, hukataa chakula, na hata aliye mpole kwa kawaida huweza kumshambulia anayemgusa. Baada ya siku kadhaa macho hung'aa tena, na mtu asiyejua angedhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Ni siku chache baadaye ndipo husugua pua yake kwenye jiwe au gogo hadi ngozi ipasuke midomoni, kisha hutambaa mbele, akiiacha nyuma ikigeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa na mtoto mvivu. Tangu kufifia hadi kumalizika huchukua takriban wiki moja hadi mbili. Mchanga anayekua haraka huweza kurudia hayo kila baada ya wiki chache. Mkubwa huweza kukaa miezi miwili, mitatu, au zaidi.

Kinachohitajika ni unyevu. Majimaji yale ya katikati yakikauka kabla ya wakati, ngozi kuukuu hung'ang'ania. Hapo ndipo Wisconsin inapoingia katika kisa hiki, kwa kuwa mwezi wa Novemba mitambo ya kupasha nyumba joto huwashwa, na hewa ya ndani hukauka hadi midomo ya watu ikapasuka na nywele zikatoa cheche. Bisi, aliyekuwa na umri wa miaka miwili hivi, alijivua gamba katikati ya mwezi huo. Lilitoka vipande vipande kama karatasi iliyolowa ikakauka. Vipande vyote viliondoka, isipokuwa viwili: kigamba cha jicho la kushoto, na pete nyembamba iliyobaki imeikaba ncha ya mkia.

Mwenzangu alimpeleka kwa daktari wa wanyama. Aliporudi alitueleza aliyoambiwa. Pete ya mkia ni hatari kwa kuwa ngozi iliyokauka hubana, damu isifike, na nyama iliyo mbele yake ikafa. Kigamba cha jicho kisiguswe kwa koleo hata kidogo, kwa maana chini yake pana kigamba kipya, na chini ya hicho pana jicho. Anayevuta asichokiona huweza kuling'oa lililo zima. Dawa ilikuwa kuongeza unyevu na kungoja zamu ifuatayo, kwa matumaini kwamba gamba jipya litakapotoka litakibeba kuukuu pamoja nalo. Kisipotoka safari hiyo, mambo yangeanza kuwa mazito.

Wiki mbili kabla ya Krismasi mama yake mwenzangu alilazwa hospitalini huko Georgia. Alifungasha usiku. Wapangaji wengine wawili walikuwa tayari wamekwenda makwao kwa likizo, na kumsafirisha nyoka katika baridi ya namna ile ingekuwa kumwua. Alisimama mlangoni pangu akiwa amevaa koti, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mwalimu," aliniambia, kwa kuwa aliwasikia wanafunzi wangu wakiniita hivyo naye akaliokota, "najua unamwogopa. Sina mwingine wa kumwomba."

Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini mtu anayesafiri kwenda kumwuguza mama yake haongezewi mzigo mlangoni, na hilo tumefunzwa sote, wa Ganze na wa kwingineko. Nilimwambia aende salama, ampe mama pole zangu.

Siku tano baadaye rangi ya Bisi ilififia.

Nitapita haraka juu ya wiki iliyofuata, kwani haikuwa na visa bali kazi. Kulikuwa na kipima unyevu kilichobandikwa ndani ya sanduku. Nilikikuta kikionyesha asilimia 28, ilhali kiwango kilichotakiwa katika siku hizo kilikuwa zaidi ya 60. Nilinyunyiza maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Nilifunika nusu ya kifuniko kwa taulo lililolowa. Ndani ya kijipango chake cha plastiki nilitia majani laini ya kinamasi yanayoshika maji, niliyoyakamua kwa mkono hadi yasitiririke, kwa kuwa maji yakizidi nayo huleta maradhi ya ngozi. Upande mmoja wa sanduku ulikuwa na joto la nyuzi 29. Nje ya dirisha palikuwa na theluji. Nilihamishia meza yangu katika chumba hicho ili nisikisahau kipimo, na hapo ndipo nilipoiandika sehemu kubwa ya sura ya tatu, nyoka akiwa nyuma ya kisogo changu, haoni, nami simwoni.

Nilimpigia Nyanya simu Jumapili, kama desturi.

"Shikamoo Nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujaganda?"

Nilimweleza habari ya Bisi. Nilitarajia anikemee, ama anicheke. Alinyamaza kwa muda hata nikadhani mtandao umekatika.

"Gamba limekwama jichoni?"

"Naam, Nyanya."

"Basi huyo ni mgonjwa," alisema. "Mgonjwa haulizwi ukoo. Mpe maji." Kisha akaendelea na habari za mbuzi na bei ya mahindi, na hakumtaja tena hadi tukaagana.

Macho ya Bisi yalipong'aa, lilikuwa la kulia lililong'aa. La kushoto lilibaki na kijivu chake, kama kioo kilichopumuliwa. Siku ya tatu baada ya hapo ilikuwa siku ya kumwogesha, kwa mujibu wa maagizo niliyoachiwa. Nilitia maji ya vuguvugu katika beseni pana, kina kisichomfikia mgongo, nikamwinua kwa mikono yote miwili. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa nyoka aliye hai. Sitasema kwamba hofu iliniondoka, kwa kuwa haikuniondoka. Nilimshika nikiwa nayo. Alikuwa mkavu, mwenye uvuguvugu wa ndani ya sanduku, na chini ya ngozi ile iliyochakaa nilihisi misuli ikitembea kwa mafungu, fungu hili likilipokeza lile. Alikaa majini dakika 20. Kisha nilimweka katika taulo lililolowa, nikalikunja, nikamwacha apite mwenyewe katika mikunjo yake.

Maagizo juu ya hatua hii yalikuwa ya kinaganaga, nami naona yafaa kuyataja. Mkono wa mtu hauvuti. Taulo huwa na mkwaruzo mdogo na unyevu, na nyoka ndiye asogeaye. Kazi ya mkono ni kushika taulo tu, isiwe imelegea mno wala isiwe imekaza. Ukivuta, hata kwa nia njema, waweza kutangulia kuliko ngozi ya chini ilivyokuwa tayari, na hapo utakachokipata ni kidonda.

Ngozi ilipasuka kwenye mdomo wa juu. Nililiona jambo hilo kwa ukaribu ambao utotoni ningeukimbia. Ilirudi nyuma juu ya pua, ikafika machoni, ikasita upande wa kushoto. Alisugua kichwa kwenye pindo la taulo mara moja, mara mbili, akatulia hata nikahesabu pumzi zangu. Alipoanza tena, kigamba kiliondoka. Nilipokuja kulitazama gamba baadaye kwenye mwanga wa taa, mahali pa jicho la kulia palikuwa na kiduara kimoja chenye uangavu, na pa kushoto palikuwa na viwili vilivyogandamana, cha Novemba na cha safari hii.

Mwili wote ulifuata kwa muda wa nusu saa hivi. Aliyetoka alikuwa na wekundu wa matofali mapya, na mabaka yake yamezungukwa na weusi uliokolea. Gamba lenyewe lilikuwa karibu halina rangi. Ukilinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli tu cha mabaka, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni na kifutio kibovu. Rangi halisi ya nyoka imo katika tabaka la chini, lile lililo hai, ambalo halibambuki. Nilipolipima lilikuwa na sentimita 118, ilhali Bisi mwenyewe, kwa rekodi ya mwenye naye, alikuwa na 96. Ngozi hutanuka inapovuliwa, kwa kuwa ile iliyo baina ya vigamba hukunjuka. Ndiyo maana mtu alionaye gamba porini huapa kwamba amenusurika joka.

Pete ya mkia haikutoka. Ililainika tu, nami sikuivuta.

Usiku huo nilirejea kwenye meza yangu na riwaya. Msomaji wa jarida hili hahitaji kukumbushwa kwamba Gamba la Nyoka inahusu jinsi siasa ya Ujamaa na uhamishaji wa watu vijijini ulivyopokelewa mashambani Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, Mwalimu Nyerere katika maandishi yake ya mwaka huo huo alisisitiza kuwa vijiji vya Ujamaa viundwe kwa hiari. Mwaka wa 1973 hiari hiyo iliondolewa: ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba walizotoka zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Yaani kilichoanza na '-ji-' kilimalizika na '-w-'. Watu walioambiwa wajivue walivuliwa.

Kwa maoni yangu, wengi wetu tunapoisoma anwani ya riwaya hii huliangalia gamba kwa jicho moja tu. Twauliza: gamba ni nini? Ukoloni? Ukabaila? Mila? Unafiki wa wasomi? Kisha twagawana majibu na kuandika insha. Mimi nadhani swali zito zaidi ni la kisarufi: nani anamvua nani, na ngozi ya chini imefikia wapi? Nyoka hafanyi mapinduzi siku ile gamba linapotoka. Kazi yote ilikwisha kufanyika gizani, wiki nzima kabla, wakati alipokuwa amevaa zote mbili na haoni kitu. Kilichotolewa kabla ya kazi hiyo kukamilika si gamba, ni ngozi. Katika sura yangu ya tatu nimeligeuza hilo kuwa kigezo cha kuzipimia sehemu za riwaya, na msimamizi wangu, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, ameandika pembeni: 'Endelea.'

Sitiari hiyo haikukoma kwa Kezilahabi. Mwaka wa 2011 Chama cha Mapinduzi kiliita 'kujivua gamba' juhudi zake za kujitenga na viongozi waliotuhumiwa kwa ufisadi, na magazeti ya Tanzania yakajaa neno hilo hata watuhumiwa wenyewe wakawa wanaitwa magamba. Ni matumizi ya kuvutia, kwa kuwa gamba sasa limekuwa mtu, nalo lina mdomo na mawakili. Lakini yeyote aliyewahi kumwona nyoka akimaliza shughuli yake anajua udhaifu wa picha hiyo. Anayetoka upande wa pili ana mabaka yale yale, tena yamekolea zaidi. Sijui kama waliolichagua jina hilo walilipima hivyo. Nyanya yangu angewaambia: mkiona gamba, mwenyewe yuko karibu.

Masomo yalipoanza tena mwishoni mwa Januari, nilikwenda na gamba darasani. Nilikuwa nimelikausha juu ya gazeti na kulitia katika bahasha ya kaki. Ilikuwa zamu ya kauli za kitenzi, na nilichoka na mifano ya mashati. Wanafunzi walilipitisha kutoka mkono hadi mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti hakuna aliyetazama simu. Tulitunga sentensi. Nyoka amejivua gamba. Gamba limevuliwa. Nyoka amevuliwa gamba na mwalimu. Hiyo niliikataa, nikaeleza kisa cha taulo.

Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hakunyosha mkono, aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwalimu, kama wewe ulishika taulo, yeye alijivua au alivuliwa?"

Nikamwambia aniandikie sentensi itakayosema ukweli wote kwa kitenzi kimoja. Darasa zima lilijaribu. Mmoja aliandika 'amesaidiwa kujivua', nami nikamwambia hivyo ni vitenzi viwili. Mwingine akapendekeza kauli ya kutendesha, 'nimemvulisha', na tukabishana hadi kengele kama kwa kumvulisha mtu umemwachia tendo lake au umemnyang'anya. Nimekwisha kuwauliza swali hilo wahadhiri wawili hapa nyumbani. Majibu yao hayapatani.

Mwenzangu alirudi katikati ya Februari, mama yake akiwa amepata nafuu. Alimtoa Bisi, akalitazama jicho la kushoto kwa kurunzi ndogo, akalitazama tena, kisha akanikumbatia bila kunitahadharisha. Mkia haukupona wote. Ncha yake, kiasi cha milimita tano, iligeuka nyeusi na ngumu kama mwiba, na daktari akasema iachwe ianguke yenyewe. Mwisho wa Machi Bisi alijivua tena. Hapakuwa na beseni wala taulo. Tulikuwa tumelala wote. Asubuhi gamba lilikuwa limelala kwenye gogo tangu mwanzo hadi mwisho, kipande kimoja, na pale palipoishia mkia ile ncha nyeusi ilikuwa imo ndani yake.